Barua kwa mwanangu: Mbegu kwenye vumbi

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila joto na vumbi. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko Dar mvua imenyesha. Nikamwambia huko haina msimu mmoja kama kwetu Ugogoni, ikijisikia inanyesha. Hakuridhika. Anasema mvua isiyo na msimu haina adabu.

Jumapili jioni nilipokupigia nilisikia sauti yako nikajua kabla hujasema. Ukasema, "Mama, nimechoka kusubiri," na hapo hapo salio langu likaisha. Afadhali liliisha, maana kwenye simu ningekujibu haraka, na jibu la haraka nalijua: subira huvuta heri. Limeandikwa kwenye kanga yangu ya jikoni, ile iliyoungua pembeni, na miaka yote nikiitazama naona inashikia sufuria tu. Wewe una miaka miwili na miezi tangu utoke chuo cha ualimu. Umejitolea shule, umeomba kila tangazo lilipotoka, sasa unauza kava za simu Mbagala. Sitakuandikia maneno ya kanga.

Nataka nikueleze Jumapili hiyo ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kungojea Noeli, na nilikuwa nikikufikiria tangu asubuhi.

Kigangoni mwaka huu tulitaka shada la Majilio kama la parokiani, lenye mishumaa minne. Sasa majani mabichi utayatoa wapi Dodoma mwisho wa Novemba? Kila kitu kimekauka, mbuyu wenyewe ndio kwanza unachomoza. Kijani pekee kilichobaki ni mnyaa wa uzio. Basi akina mama tukakata minyaa, tukaisokota kwenye ringi ya baiskeli ya katekista, tukiitoa utomvu kwa uangalifu, maana unajua ukikuingia jichoni utalia mpaka Pasaka. Mishumaa ya zambarau hatuna. Tuliweka ya dukani, myeupe, tukaifunga vitambaa vya zambarau vya kitenge changu cha zamani. Ulipowashwa wa kwanza upepo ukauzima mara mbili. Mara ya tatu ukashika.

Padri aliwahi kutueleza kwamba shada hilo lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji mmoja Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini, nao walimchosha kwa swali moja kila siku: Noeli bado siku ngapi? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Nilipenda kusikia hivyo. Shada halikuanza na watu wenye subira. Lilianza na watoto waliochoka kungoja kama wewe, na mtu mzima ambaye badala ya kuwaambia wanyamaze aliwawashia taa.

Uliimba kwaya ya watoto, kwa hiyo unakumbuka kwamba Majilio hatuimbi Utukufu. Aleluya inabaki, Kwaresima ndiyo hutunyang'anya hata hiyo. Zamani nilidhani tunaacha Utukufu kwa sababu ya huzuni, kwa vile vazi ni la zambarau. Siyo. Ule ni wimbo wa malaika usiku wa Bethlehemu, na hatuuimbi kwa kuwa usiku wenyewe haujafika. Kwaya yetu inaufanyia mazoezi kila Alhamisi, sauti nne, na Jumapili tunafika tunanyamaza nao. Mtu akipita Alhamisi jioni anasikia wimbo ambao Dominika hausikiki. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuelewa kungoja kwa Kikristo kuna nini ndani yake: wimbo unao tayari kooni.

Na neno lenyewe, Majilio. Walatini wanasema adventus, yaani kuja. Lakini Kiswahili chetu kimetoka kwenye kujilia, na ukilisikiliza vizuri utaona lina mtu anayejiliwa. Kwenye Luka sura ya 19 Yesu anaulilia mji wa Yerusalemu, anasema hukutambua "majira ya kujiliwa kwako." Nililisoma hilo mara nyingi bila kulishika. Mwaka huu likanikaa. Majilio hayasemi kwamba wewe ndiye unayesafiri kumfuata Mungu, ukazane, uharakishe, usichelewe foleni. Yanasema unajiliwa. Kazi yako ni kuwepo na kumtambua anayepiga hodi.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, alisema kujiliwa kuko kwa namna tatu. Mara ya kwanza katika mwili, hapo Bethlehemu. Mara ya mwisho katika utukufu. Na katikati kuna kuja kwa siri, ndani ya moyo, kila siku. Ndiyo maana Majilio yana vipande viwili ambavyo watu huvichanganya. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo yanahusu zaidi kurudi kwa Kristo, na kuanzia tarehe 17 ndipo tunageukia mama mjamzito na safari yake. Watu wa mjini mnapambwa Noeli tangu Novemba madukani, mnaruka vyote viwili. Sikulaumu, nasema tu.

Injili ya Jumapili ilikuwa ile ya Mathayo 24, kesheni, hamjui siku. Wanaume wawili shambani, mmoja anatwaliwa, mmoja anaachwa. Wanawake wawili wanasaga, vivyo hivyo. Katekista alihubiri kuhusu nani ataachwa, akatutisha sana. Mimi niliona jambo jingine: siku hiyo ikija inawakuta watu kazini. Hakuna aliyekutwa amekaa kwenye kiti anatazama mlango. Kusaga nakujua, mwanangu. Hakuna kazi iliyo chini kuliko kusaga, na ndiko Bwana atakakopitia.

Nije sasa kwenye shamba, maana najua unasubiri habari zake.

Kuberega, yaani kusafisha shamba, tumemaliza. Mabua ya mwaka jana tumeyakusanya tukachoma. Na wiki iliyopita nimepanda uwele kwenye vumbi, upande wote wa korongo. Wageni wakipita barabarani wanatushangaa: jua kali, ardhi nyeupe, na mwanamke anainama anachimba, anadondosha mbegu kidogo kwa vidole vitatu, anafukia kwa mguu, anasogea hatua moja. Wanadhani tumerukwa. Lakini wewe unajua kwa nini. Mvua yetu ni moja kwa mwaka na ni fupi. Ukingoja inyeshe ndipo upande, umeshapoteza siku ambazo uwele unazihitaji. Kwa hiyo tunapanda kabla, kwenye ardhi ambayo haijaonyesha dalili yoyote.

Wako waliokuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta, na mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, na haraka. Babu yako alikuwa akisimulia. Hawakuwa na muda wa kuisoma mvua ya Ugogo wala ule udongo unaogeuka kuwa kama saruji kiangazi kikiingia. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya paundi yakiwa yameteketea. Bibi hucheka mpaka leo akitajiwa karanga.

Lakini kupanda kwenye vumbi si uchawi. Unakumbuka mwaka uliokuwa darasa la nne? Tulipanda hivyo hivyo, mvua ikaja mwisho wa Novemba siku mbili, kila kitu kikaota, tukashangilia. Kisha jua, wiki tatu. Asubuhi moja nilikwenda shambani, nikashika mche mmoja, ukavunjika kama kijiti cha kiberiti. Nilirudi nyumbani nikamkuta marehemu baba yako anasema mbegu iliyobaki kibuyuni isagwe, watoto wana njaa. Hakukosea, njaa ilikuwepo, na wewe ulikuwa ukilala mapema ili usiisikie. Bibi akachukua kile kibuyu, akapangusa majivu, akakiweka katikati ya miguu yake akakikalia. Hatukusemeshana siku mbili. Tulipanda tena wiki ya Epifania, mwanzoni mwa Januari, tukavuna magunia matatu. Na mama wa nyumba ya jirani alipanda siku ile ile tuliyopanda sisi, alikuwa anasali kuliko mimi, hakupata hata debe. Kwa hiyo sikwambii kwamba ukingoja vizuri utapata. Sijui. Mama yule naye hakujua.

Huko mjini wapo wanaohubiri kwa vipaza sauti kwamba ukipanda mbegu ya laki moja leo, ajira itatoka ndani ya siku saba. Umeniambia mwenyewe kwamba umewahi kufikiria. Mwanangu, wewe ni mtoto wa mkulima. Mbegu unaijua. Umewahi kuona wapi mbegu inayoandikiwa tarehe?

Dominika ya tatu padri atafika. Huku huja mara moja kwa mwezi, nasi tunamjua kwa vumbi la pikipiki kabla hatujamwona. Ni Dominika ya furaha, mapadre wenye vazi la rangi ya waridi hulivaa siku hiyo. Wa kwetu hana, atakuja na zambarau lake. Somo litakuwa la Yakobo, mkulima anayengojea mvua ya kwanza na ya mwisho. Nchi ya Yesu nayo ilitegemea mvua hizo, moja ya kuanzisha mbegu, nyingine ya kuikomaza. Wagogo tutalielewa kuliko maaskofu.

Ila Injili ya siku hiyo ndiyo ninayotaka uisome mwenyewe, Mathayo 11, kuanzia mstari wa pili. Yohana yuko gerezani. Huyu ndiye aliyepiga kelele jangwani kwamba yuaja, ndiye aliyembatiza na kumwonyesha kidole. Sasa amefungwa, na siku zinapita. Anawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?"

Soma polepole. Mtu wa Majilio kuliko wote amechoka kusubiri, na Kanisa halikulificha. Limelisoma katikati ya msimu, tena Dominika inayoitwa ya furaha. Na Yesu hakumkemea. Hakusema, Yohana, imani yako imepungua. Aliwaambia wale wajumbe waende wakamweleze wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha akawageukia watu akamsifu Yohana, kwamba katika waliozaliwa na wanawake hakuna aliye mkuu kuliko yeye. Alimsifu baada ya swali lile, si kabla.

Na pia hakumtoa gerezani. Hili wahubiri wengi hulipita mbio. Yohana alikatwa kichwa humo humo. Jibu alilopata halikuwa tarehe ya kutoka. Alipata habari ya kilichokuwa kinaota mahali ambapo macho yake hayakufika.

Ndiyo maana uliposema umechoka sikukwambia usichoke. Uliza tu kama Yohana alivyouliza. Uliza kwake yeye, kwa ukali ukitaka. Na wakati unauliza, angalia kilicho karibu. Uliniambia kuna yule mtoto wa mama muuza vitumbua hapo nje ya kibanda chako, unamfundisha hesabu jioni wateja wakipungua, na amekwisha kushika hesabu za sehemu. Ulilitaja kama jambo la kupita. Mimi nililisikia na nikaenda nalo mpaka kitandani.

Kuanzia tarehe 17 Kanisa huimba wakati wa Masifu ya jioni viitikio saba vya kumwita Kristo: Ee Hekima, Ee Bwana, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa mataifa, Ee Emanueli. Sista mmoja alituonyesha kwamba ukichukua herufi za mwanzo kwa Kilatini ukazisoma kinyumenyume, kuanzia ya mwisho, unapata maneno mawili, ero cras, kesho nitakuwepo. Tunaita siku saba, na jibu limo ndani ya mwito, ila hulioni mpaka umefika mwisho ukageuka nyuma. Bibi alisikia akasema Walatini walikuwa na muda mwingi.

Kama utapata nauli njoo kabla ya Noeli. Usilete zawadi, lete mshumaa mmoja, maana wa nne panya wameutafuna kwenye sanduku la sakristia na wa dukani umekwisha. Na kipande cha chini ya mbuyu sijakipanda. Nimekuachia, mistari kama ishirini. Mbegu zake zipo kwenye kibuyu kile kile, na majivu yake. Mvua ikikutangulia nitazipanda mwenyewe na nitakwambia.

Jioni hii kuna mawingu upande wa Mpwapwa. Bibi ametoka nje, amenusa, anasema ni ya uongo. Lakini ameanua mlenda wake.

Mama yako