Barua ya kufunga muhula: gundi, rangi, tiara na vitendawili

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Juni

Ndugu mzazi au mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAZI ZA UBUNIFU ZA LIKIZO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ripoti ya mtoto imo kwenye bahasha hii. Isome pamoja naye, utie saini, na irudi siku ya kufungua shule. Mambo ya sare na madawati tuliyamaliza kikaoni.

Likizo hii walimu hawakutoa maswali ya kunakili. Watoto wana kazi nne, na kila moja inamtaka mtu mzima akae karibu bila kuwafanyia.

Gundi itangulie, maana nyingine zinaitegemea. Chukua unga wa ngano vijiko 4 vya chakula vilivyojaa na maji vikombe 2 vya chai. Koroga unga kwenye nusu kikombe cha maji ya baridi mpaka madonge yaishe. Maji yaliyobaki yachemke, kisha mimina humo ule uji mbichi huku unakoroga, kwa dakika 3 hivi, mpaka uanze kung'aa. Anayetupa unga mkavu kwenye maji yanayochemka atapata madonge tu: nje huiva upesi na kujifunga, ndani hubaki unga. Nusu kijiko cha chai cha chumvi huchelewesha kuchacha, lakini siku ya tatu mwaga upike nyingine. Jikoni asimame mtu mzima.

Rangi zimo humo humo jikoni. Kijiko 1 cha manjano ya unga, vijiko 2 vya maji na kijiko 1 cha gundi hutoa rangi ya njano. Bila gundi, hupukutika ikikauka. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Nyekundu ni kiganja kimoja cha choya, yaani maua makavu ya rozela, kilicholowekwa dakika 15 kwenye nusu kikombe cha maji ya moto. Hayo maji ya choya yagawe vibakuli vitatu: kimoja kitiwe matone ya ndimu, kingine chembe za magadi, cha tatu kiachwe kilivyo. Ndimu huchangamsha wekundu, magadi huugeuza kuwa wa samawati au kijani kadiri yanavyozidi. Manjano nayo ikikutana na magadi huwa nyekundu ya kahawia. Tafadhali usimwambie mtoto mapema. Muulize tu, "Ukiongeza itakuwaje?" kisha nyamaza, hata kama kunyamaza ni kugumu. Magadi yasionjwe wala yasifike machoni, na avae nguo kuukuu, kwani manjano haina msamaha kwa shati la shule.

Tiara ni ya darasa la tatu kwenda juu, na upepo wa kusi ndio huu unavuma. Yanatakiwa karatasi moja pana ya gazeti, chelewa za ufagio, uzi na vitambaa chakavu kutoka kwa fundi cherehani. Mti wa kusimama uwe sentimita 50, wa kulala 40, na vikutane sentimita 12 kutoka juu. Chelewa ni nene shinani na nyembamba nchani, kwa hiyo mti wa kulala ufungwe kwa chelewa mbili zilizopishana, shina la moja kwenye ncha ya nyingine. Asiyepishanisha, tiara yake italala upande mmoja kila ikipanda. Zungushia uzi kwenye ncha zote nne, bandika karatasi kwa kukunja kingo juu ya uzi, na iache ikauke kivulini usiku mzima. Karatasi mbichi ni nzito na huchanika. Kisha funga uzi wa hatamu wa sentimita 65 kutoka ncha ya juu hadi ya chini, upande wa karatasi, na fundo la kushikia likae juu kidogo ya makutano ya miti. Mkia uwe mita 2.

Tiara ikizunguka kama pia, ongeza mkia. Ikigoma kupanda ilhali upepo upo, punguza mkia au sogeza fundo juu kwa upana wa kidole. Abadilishe kitu kimoja tu kila anapojaribu. Akibadilisha viwili hatajua kipi kimesaidia. Irushwe uwanjani au ufukweni, mbali na nyaya za umeme. Ikinasa kwenye waya iachwe, mtu asiifuate kwa fimbo wala kwa kupanda.

Kazi ya nne haina gharama. Baada ya chakula cha usiku, tegeni vitendawili, lakini kila mtoto atunge chake kipya. Achague kitu cha nyumbani, ataje mambo matatu kinayofanya, kisha akiseme kama ni mtu au nyumba bila kukitaja. Ndoo ya kisimani: "Hushuka mtupu, hupanda amelewa." Mara nyingi jibu la mtoto huwa wazi mno, au kitendawili kinafaa vitu kumi. Mwombe aongeze dokezo moja tu. Mkishindwa, mpeni mji kama kawaida, na mji uwe mkubwa.

Muhula wa pili kila darasa litakuwa na sanduku la vipande, na Ijumaa vikundi vya watoto sita vitapewa kazi moja, kwa mfano daraja la maboksi linalobeba kitabu. Mwalimu atauliza matatu: ulianzaje, kiligoma wapi, ulibadilisha nini. Kwa hiyo mtoto aje na tiara yake hata ikiwa imechanika, pamoja na ukurasa mmoja wa daftari wenye majibu hayo. Kazi iliyotengenezwa na baba huonekana tangu mlangoni, nasi hatutaisema, ila itakaa pembeni.

Kwa ajili ya sanduku, kila mtoto alete vifuniko 10 vya chupa vilivyooshwa, boksi moja dogo na kitambaa cha upana wa kiganja. Visije vioo, viwembe, betri wala makopo ya dawa.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu