Dikeç hakushinda bila vifaa

Mhariri,

Tangu Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024, picha ya Yusuf Dikeç haichapishwi bila maelezo yaleyale: Mturuki wa miaka 51, fulana, miwani ya kawaida, mkono mfukoni, akatwaa medali ya fedha bila vifaa. Gazeti lako nalo limeyarudia. Naomba nafasi niyasahihishe, kwa sababu vijana wanaokuja kuuliza jinsi ya kuanza kulenga shabaha huja na imani hiyo, na wengi huishia kununua bastola ya bei rahisi isiyorekebishika, kisha wakakata tamaa.

Dikeç na Şevval İlayda Tarhan walishindwa 16-14 na Zorana Arunović na Damir Mikec wa Serbia katika fainali ya bastola ya upepo, yaani inayosukuma risasi kwa hewa iliyoshindiliwa, ya mita 10, timu za mwanamume na mwanamke. Kitu ambacho Dikeç hakuwa nacho ni ile miwani maalumu yenye kijitundu mbele ya jicho la kulengea, kama aliyovaa Kim Ye-ji wa Korea Kusini. Masikioni alikuwa na vizibo. Mkononi alikuwa na bastola ya mashindano, ya daraja moja na za wapinzani wake. Lile koti gumu ambalo watu walitarajia kuliona ni la wenye bunduki. Kwenye bastola haliruhusiwi kabisa. Mkono mfukoni nao si maringo. Bastola hii hushikwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukiachwa uning'inie huutikisa mwili.

Sheria za mchezo ni finyu. Bastola isizidi gramu 1,500 na iingie kwenye kisanduku cha milimita 420 kwa 200 kwa 50. Triga isiwe nyepesi kuliko gramu 500. Darubini na leza ni marufuku. Mchujo wa mchezaji mmoja mmoja ni risasi 60 kwa dakika 75, na duara la katikati ya shabaha, lenye pointi kumi, lina kipenyo cha milimita 11.5.

Sasa tuangalie pointi zinapopotelea. Juu ya bastola kuna vilengeo viwili: cha nyuma kina pengo, cha mbele ni kijiti kinachotakiwa kuonekana katikati ya pengo hilo. Kati yake kuna takribani milimita 330. Kijiti kikihama milimita 1 tu ndani ya pengo la nyuma, kwa mita 10 risasi inahama milimita 30 hivi, na kumi inageuka saba. Lakini mkono mzima ukiyumba milimita 5 huku vilengeo vimekaa sawa, risasi nayo inahama milimita 5 tu, na kama ulikuwa katikati bado ni kumi. Ndiyo maana jicho hukaa kwenye kijiti cha mbele na duara jeusi la shabaha huachwa liwe na ukungu. Anayeanza hufanya kinyume: anakodolea shabaha, kijiti kinapotea, halafu analaumu mkono.

Kijitundu cha ile miwani maalumu kinasaidia hapohapo. Kikifungwa mpaka takribani milimita 1, kijiti na shabaha huonekana vizuri kwa pamoja. Ila kinapunguza mwanga, kwa hiyo kwenye ukumbi wenye taa hafifu ni hasara. Kabla ya kukinunua, nenda kwa mpima macho. Kijiti cha mbele kiko kama sentimita 90 hadi 100 kutoka jichoni, na mwenye umri wa kuhitaji miwani ya kusomea hatakiona vizuri. Miwani ya kusomea yenyewe haifai, kwani +2.00 imekusudiwa umbali wa nusu mita. Omba lenzi ya namba yako ya kuonea mbali, iongezewe +0.50 au +0.75, kwa jicho la kulengea tu. Jicho la pili lisifumbwe kwa nguvu, maana misuli ya uso huchoka na jicho linalolenga huanza kutetema. Likingie kipande cheupe kisichozidi upana wa milimita 30, mwanga uendelee kupita. Dikeç yeye hulenga macho yote mawili yakiwa wazi, lakini huko hafiki mtu kwa wiki moja.

Kishikio ndicho kifaa ambacho picha haikionyeshi, nacho kinaamua mengi. Cha bastola ya mashindano ni cha mbao, huuzwa kwa saizi, na hupigwa tupa au kuongezwa lipu ya mbao mpaka kikae mkononi kama kimezaliwa humo. Kipime hivi, bila risasi: simama, inua bastola, fumba macho, tulia kwa pumzi mbili, fumbua. Rudia mara tano. Bastola nzima ikielekea pembeni mwa shabaha kila mara, kosa ni la miguu; kijiti kikiwa kimeegea upande uleule wa pengo, kosa ni la kishikio. Sogeza mguu wa nyuma kwanza. Bado kiko vilevile? Legeza skrubu, geuza kishikio kidogo, upime tena. Usikubali kunyoosha kwa kifundo cha mkono, maana kufikia risasi ya 40 kifundo kitakuwa kimechoka na kosa litarudi lilikotoka.

Triga ipimwe nyumbani kabla ya kusafiri. Jaza maji kwenye chupa mpaka mizani ya jikoni isome gramu 510, chupa na kamba yake pamoja. Hakikisha mtutu hauna risasi, koki bastola, elekeza mdomo juu wima, tundika kamba katikati ya triga, uinue taratibu. Ikifyatuka kabla chupa haijaacha meza, springi ni legevu. Zile gramu 10 za ziada ni za kukulinda. Mizani ya jikoni haiaminiki kiasi hicho, na mkaguzi wa mashindano ana uzito wake mwenyewe.

Risasi ni za milimita 4.5, kichwa bapa, uzito wa nusu gramu hivi. Kopo mbili za chapa moja zinaweza kutofautiana, kwa sababu kipenyo cha kichwa huanzia 4.48 hadi 4.52 na kila mtutu una chaguo lake. Funga bastola kwenye jiliwa lenye raba, piga risasi 10 kwenye karatasi moja, upime kutoka ukingo wa nje wa tundu hadi ukingo wa nje. Milimita 6 au 7 ni nzuri sana. Zikifika 9, jaribu kopo lenye namba nyingine ya toleo, na ukipata linalokubali nunua mengi ya toleo hilohilo. Kwetu pwani unyevu na chumvi huziotesha risasi unga mweupe, kwa hiyo zitunze kwenye kopo linalobana. Ni za madini ya risasi yenye sumu. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na vumbi la nyuma ya shabaha lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa.

Upepo nao una mambo yake. Mtungi mdogo wa hewa wa bastola hujazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo), jambo ambalo mashine ya kujazia matairi hailiwezi hata kidogo. Maduka ya wazamiaji ya Diani, Watamu na Zanzibar yana hewa kavu iliyochujwa, na mtungi wa mzamiaji ukiwa na adapta yake unajaza mitungi mingi midogo. Fungua vali polepole. Ukijaza kwa haraka mtungi unapata moto, geji inasoma 200, na ukipoa inashuka. Pampu ya mkono inafanya kazi, lakini inavuta unyevu, maji yanabaki ndani na kula oringi (pete za raba za kuzuia mvujo), hivyo toa maji mara kwa mara na pumzika kila baada ya dakika 2 au 3 pampu ipoe. Oksijeni ya hospitali au ya mchomeleaji, KAMWE: ikikutana na mafuta au grisi mtungi unaweza kulipuka usoni. Kama kuna mvujo, paka maji ya sabuni kwenye uzi wa skrubu utazame mapovu. Mtungi uliopita tarehe iliyochongwa juu yake hautumiki tena, hata ukionekana mpya.

Vijana pia hunionyesha video za Wamarekani wakijaza risasi zao nyumbani, maganda, baruti na mizani, wakidhani mashindano ndiyo yanadai hivyo. Kwenye Olimpiki, mita 10 haina baruti kabisa, na bastola ya mita 25 na bunduki ya mita 50 hutumia risasi ndogo ya baruti iitwayo .22, ambayo ganda lake halijazwi upya kwa kawaida kwa sababu kilipuzi kimo ndani ya ukingo wa kitako chake. Hakuna unachokosa. Kujaza nyumbani ni kwa michezo mingine ya bunduki kubwa, ambako kipimo cha baruti kikiingia mara mbili mtutu unapasuka, na hapa Kenya, kama Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.

Bastola ya upepo pia usiiagize kwa kudhani kwamba isiyo na baruti haihitaji kibali. Uliza polisi kwanza, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipe. Wakati unasubiri, chora duara jeusi la milimita 30 ukutani, simama mita 5, ujifunze kuinua na kutulia kwa chupa ya maji ya kilo moja. Kwa umbali huo linaonekana sawa na duara la mashindano.

Mkufunzi wa kulenga shabaha,
Mombasa