Barua ya Wazi kwa Vijana wa Nairobi Wanaoshuka Kilifi Kuonana na Mabaharia

Wajukuu zangu,

Nimepata habari kwamba mnachanga fedha ili mshuke Kilifi, mkaonane ana kwa ana na mabaharia wa matanga ambao safari zao zimewatia hamu ya kuacha ofisi na kuishi baharini. Siwazuii. Nilizaliwa Lamu na nimezeekea South C, na ninaelewa kwamba kijana ambaye chombo pekee alichowahi kukipanda ni vile vimashua vya kukodi vya Uhuru Park hawezi kuianza njia hii bila ya kuwa na mtu wa kumtazama. Ninalotaka kusema linahusu namna ya kuwaendea watu hao, kwani nimeona wengi wakirudi na picha tu.

Hata mabingwa walikuwa na watu wao wa kuwatazama. Joshua Slocum, aliyekuwa wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya mwaka 1895 na 1898, alikwisha kupotea baharini kabla Bernard Moitessier, baharia Mfaransa, hajazaliwa. Hata hivyo Moitessier alikiita chombo chake cha chuma Joshua kwa heshima yake. Nyinyi mnaweza kuwauliza wenu wakiwa hai, basi msiipoteze nafasi hiyo kwa kuwauliza habari za dhoruba. Kila mtu huwauliza dhoruba, na jibu lake wamekwisha kulikariri.

Ulizeni habari za kuvuja. Robin Knox-Johnston, baharia Mwingereza, alipozunguka dunia peke yake bila kutua bandari yoyote, safari ya siku 312 iliyokwisha Aprili 1969, ilimbidi azamie chini ya chombo chake, Suhaili, katikati ya bahari ili azibe mshono uliokuwa ukiingiza maji. Safari hiyo ilikuwa ya mashindano, na kati ya washindani tisa, ni yeye peke yake aliyemaliza, na nadhani ustadi wake wa kuziba ulimfaa kuliko ushujaa.

Niliwahi kumpandia mgeni mmoja mwenye sifa kubwa, chombo chake kikiwa kimetia nanga katika hori la Kilifi. Nilimkuta amelala kifudifudi, mkono mmoja umezama hadi begani ngamani, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, akipapasa mahali maji yanapoingilia. Salamu yangu aliiitikia bila kugeuka. Nilipomshikia tochi na kuanza kufua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje, kwa kopo, ndipo alipofungua kinywa, na hadi adhuhuri alikuwa amekwisha kunieleza bei ya matanga yake, kiasi cha maji matamu anayotumia kwa siku, na bandari ambazo maofisa wake humsumbua msafiri. Kwa hiyo chukueni nguo za kazi, na ombeni kazi kabla ya maswali.

Kuhusu fedha, watazameni Lin na Larry Pardey, waliozunguka dunia bila injini kwa vyombo walivyojijengea wenyewe. Kile cha kwanza, Seraffyn, hakikufika hata mita 8. Njiani walitua na kufanya kazi za kutengeneza na kupeleka vyombo vya watu, wakaandika pia. Muulizeni kila mtakayekutana naye anakula nini pale akiba inapokwisha, na kama anakwepa swali hilo, hadithi zake nyingine zipokeeni kwa tahadhari.

Waliooa na walioolewa miongoni mwenu wana swali jingine. Moitessier aliacha mashindano yaleyale ya Knox-Johnston akaendelea hadi Tahiti, na watu humsifu mpaka leo. Mimi humfikiria mkewe aliyekuwa akimngojea Ufaransa. Kwa hiyo zungumzeni na wake na waume wa mabaharia hao pia, wale wanaosafiri nao na wale waliobaki nyumbani.

Tena msiwapite manahodha wa majahazi mkiwakimbilia wenye vyombo vyeupe. Kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, penye mkondo wa mlangoni, kuujua mwamba kwa rangi ya maji, kutambua pepo za kusi zinapoanza kulegea: hayo yako kwetu, na wageni wenyewe huja kuyauliza.

Nitawaandikia barua ya utambulisho kwa jamaa zangu wa Kilifi. Njooni mwichukue nyumbani Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, na mje na majina yenu kamili.

Ni mimi babu yenu,
South C, Nairobi