Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: mwani mnene hauishi tena kwenye maji ya magotini

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum.

Tunakuandikia sisi tunaolima mwani, na wenzetu wanaofanya kazi na wakulima wa mwani, Unguja na Pemba. Jambo letu ni moja. Mwani mnene hauwezi tena kuishi kwenye maji ya magotini, na fedha zinazotumika kuurudisha pale zinapotea bure. Tunaomba nguvu za Wizara zihamie kwenye maji ya kina, kwenye mbegu na kwenye upimaji wa joto la bahari.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Leo wakulima wanakadiriwa kupita 20,000 na wengi wao ni kina mama. Aina ni mbili: mnene, yaani kotonii, na mwembamba, yaani spinosamu. Mnene hutoa karagenani, yaani kiungo cha kugandisha vyakula, ya jeli ngumu inayotafutwa sana na viwanda vya vyakula, ndiyo maana bei yake imekuwa mara mbili ya mwembamba au zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnene umekuwa ukifa msimu hadi msimu, vijiji vingi vikauacha, na sasa sehemu kubwa mno ya mwani unaosafirishwa ni mwembamba. Kiwanda cha mwani cha Chamanangwe, Pemba, kinahitaji mali ya kusaga. Mali yenye thamani zaidi ndiyo hiyo inayokufa.

Chanzo kinajulikana. Kabla ya viwanda kuenea duniani, hewa ya ukaa angani ilikuwa sehemu 280 hivi katika milioni. Sasa imepita 420. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa kwa sababu hiyo limeingia baharini, na Bahari ya Hindi imeongezeka joto kwa takriban nyuzijoto 1.2 tangu mwaka 1950. Nyuzi moja na kitu inaonekana ndogo kwa mtu aliye nchi kavu. Kwa mwani mnene ni kubwa, kwa sababu unastawi kati ya nyuzi 25 na 30, ukipita 32 unadorora, na kati ya 33 na 35 unaanza kuugua. Bahari yetu mwishoni mwa kaskazi ilikuwa tayari karibu na mpaka huo.

Tena huo ni wastani wa bahari ya nje. Mashamba yetu yako upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, kwenye mchanga tambarare. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maji kwetu hupwa mpaka mwisho mnamo saa nne asubuhi, na kabla hayajarudi vizuri jua linakuwa limekaribia utosini. Maji yanayobaki shambani yana kina cha kiganja hadi goti, hayasogei, na mchanga mweupe unarudisha mwanga juu. Hapo joto linaweza kupita nyuzi 35, siku kadhaa mfululizo, na baada ya wiki mbili bamvua nyingine inafika. Kaskazi ikiisha inakuja masika, na maji ya mvua yanayotiririka kutoka juu yanapunguza chumvi. Chumvi ikishuka chini ya 20 kwa elfu mwani unaugua hata kama maji ni baridi. Kuanzia Machi hadi Mei, basi, unapigwa na joto na maji baridi ya mvua kwa pamoja.

Mheshimiwa, ukipita shambani wakati huo utaona tawi limepauka sehemu moja, pengine pale lilipofungwa taitai, ile kamba nyembamba ya kufungia mbegu, urefu usiozidi kucha. Siku mbili baadaye sehemu hiyo ni nyeupe kama chaki na ukiibonyeza inabonyea. Kisha inakatika, na ncha yote iliyokuwa bado nzima inachukuliwa na mkondo. Bakteria ndio wanaoozesha, lakini hawaupati mwani wenye afya. Wanaupata uliokwisha kudhoofishwa. Ndiyo maana hakuna dawa ya kunyunyiza. Kamba iliyoanza kuwa na weupe huvunwa siku hiyo hiyo na vipande vyake vyote hupelekwa nchi kavu, kwa sababu vikiachwa majini vinaambukiza kamba za jirani. Kwenye maji hayo hayo ya moto huota pia vinywele vya mwani pori vinavyoshikamana na matawi, na utando wa mwani wa buluu-kijani unaowawasha kina mama mikono na miguu.

Hasara yake haihitaji mtaalamu kuihesabu. Chukua kamba ya mita 10 yenye mbegu 50, kila moja gramu 100. Ni kilo 5. Ikikua kwa asilimia 3.5 kwa siku, baada ya siku 45 ni kilo 23 na nusu hivi. Ukitoa kilo 5 za mbegu ya kurudishia, na kwa kuwa kilo 8 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu, mkulima anabakiwa na kilo 2.3 za kuuza. Ukuaji ukishuka hadi asilimia 2, kamba ile ile inatoa gramu 900. Ukishuka hadi asilimia 1, gramu 350. Kazi ya kufunga, kupalilia, kuvuna na kuanika haikupungua hata kidogo. Na hapo hatujahesabu kilichokatika kikaenda na maji.

Kuna hasara ya pili isiyosemwa. Mkulima aliyeona jirani amepoteza kamba zote huvuna mapema, siku ya 25 au 30, kuokoa kilichopo. Mwani mchanga una karagenani kidogo na jeli yake ni dhaifu. Ukichanganywa na mwani uliokomaa, gunia zima linashuka daraja, na mnunuzi anashusha bei ya kijiji chote. Kumlaumu mkulima kwa uharaka huo hakusaidii kitu. Anachokosa ni taarifa ya kumwambia kama wiki ijayo ni ya hatari au la.

Taarifa hiyo inawezekana, na ndiyo tungeanza nayo kwa sababu ni rahisi kuliko mengine yote. Satelaiti hupima joto la juu la bahari kila siku na takwimu zake ni za bure, lakini zinasoma bahari ya nje. Hazioni maji ya goti ndani ya mwamba yakiwa yamepwa. Vinahitajika vipima joto vidogo vinavyojirekodi vyenyewe, viwili kwa kila kijiji: kimoja kwenye kigingi shambani, kimoja kwenye kamba ya kina, vyote vikirekodi kila nusu saa. Visomwe kila mwezi na ofisa wa uvuvi wa wilaya, na kipimo cha chumvi kichukuliwe siku hiyo hiyo. Kipima joto cha shambani kifungwe upande wa chini wa kigingi, chenye kivuli, la sivyo kitapima jua badala ya maji. Kwa kuwa bamvua inajulikana tarehe zake mwaka mzima, rekodi za msimu mmoja au miwili zinatosha kuanza kutuma ujumbe wa simu: bamvua hii vuneni kamba zote zilizofika siku 40, msipande mbegu mpya mpaka maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana.

Mbegu ni suala zito zaidi. Mwani wetu haupandwi kwa mbegu halisi. Unakatwa tawi na kufungwa tena, tawi kutoka tawi, tangu ule wa kwanza ulioletwa. Sehemu kubwa ya shamba ni mmea mmoja uliokatwa mara nyingi, na ugonjwa unaoupata mmoja unaipata yote. Kuagiza mbegu mpya kutoka nje kuna hatari ya kuingiza magonjwa na vinywele ambavyo hatunavyo. Lakini watafiti wameshaonyesha kwa vipimo vya vinasaba kwamba pwani ya Afrika Mashariki ina mwani wa asili wa jamaa hiyo hiyo, tofauti na ule wa Ufilipino. Huo umeishi kwenye maji haya kabla ya kilimo. Tunaomba Taasisi ya Sayansi za Bahari na ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Zanzibar, wapewe kazi na bajeti ya kuukusanya, kuujaribu dhidi ya joto na kupima karagenani yake, na vitalu viwili vianzishwe, kimoja Unguja na kimoja Pemba, vyote kwenye maji ya kina yasiyopata moto. Kitalu kilicho kwenye maji madogo hufa pamoja na mashamba, na ndipo kijiji kinapokosa mbegu ya kurudishia hata hali ikitulia.

Sasa kina, ambacho ndicho kiini cha barua hii. Mahali ambapo maji hayashuki chini ya mita 2 au 3 hata bamvua, kamba ikielea nusu mita hadi mita moja chini ya uso, maji yanasogea muda wote na joto la kupwa halifiki. Mbinu hii imeshajaribiwa Zanzibar, kwa kamba za kuelea na kwa neti ndefu za bomba, na mnene ukakua. Neti za bomba tunazipenda zaidi. Mbegu husukumwa ndani ya neti kupitia kipande cha paipu la plastiki, kazi inayofanyika ufukweni kivulini, na tawi halifungwi taitai inayolikata mawimbi ya kusi yanapovuta. Tena hazihitaji vigingi, na vigingi vyetu vingi vinatoka kwenye mikoko na vichaka vya pwani: kamba 50 zinataka vigingi 100, navyo huliwa na wadudu wa baharini vikabadilishwa mara kwa mara. Tunakata kinga ya pwani ili kulima zao linalouawa na joto.

Mahali pengi majaribio haya yalikufa baada ya mradi kuondoka, na sababu zinajirudia. Kamba ya nanga hupimwa maji yakiwa yamepwa. Penye mita 3 wakati wa kupwa huwa mita 6 au 7 maji yakijaa. Kamba ikiwa fupi, maboya yanazamishwa, nanga inang'oka na shamba lote linakwenda mwambani. Kamba ya nanga iwe angalau mara mbili ya kina cha maji yaliyojaa, na mifuko ya mchanga iwe miwili kila pembe kabla ya kusi. Maboya ya madumu hupasuka kwa jua, yakaingia maji. Shamba likigusa chini linafukiwa na mchanga na samaki aina ya tasi wanalila. Shamba lisiwekwe juu ya majani ya bahari, maana huko ndiko tasi waliko. Haya ni mambo ya ukaguzi wa kila wiki, na ukaguzi unataka chombo.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa. Neti ya mita 10 iliyokomaa, ikiwa na maji yake, watu wawili hawaiinui wakiwa majini. Serikali imegawa boti, na tunashukuru. Lakini boti bila mafuta ya miezi sita ya kwanza, bila fundi wa mashine aliye karibu, na bila nahodha anayelipwa kwa mapatano yaliyoandikwa, huishia kuvulia. Na kina mama wengi hawajui kuogelea. Kuwaambia waende kwenye kina bila kuwafundisha ni kuhatarisha maisha yao au ni kuwakabidhi wanaume kilimo hiki, na zote mbili tunazikataa. Mafunzo ya kuogelea yawe na walimu wanawake, mavazi ya stara na jaketi la kuokolea kwa kila mmoja, na yatangulie ugawaji wa boti.

Tunajua wengine wanapendekeza kina mama wahamie kwenye sabuni ya mwani, sifongo au majongoo bahari. Ni kazi nzuri kwa wanaoziweza. Sabuni hutumia mwani kidogo sana, na hayo mengine hayawezi kuchukua watu 20,000.

Eneo la kina nalo linagombewa. Pale Paje mkulima anashindana na waendesha kaiti wa kitalii, kwingine na boti za wapiga mbizi. Shamba lisilo kwenye ramani halina mtetezi. Maeneo ya mwani ya kina yachorwe, yasajiliwe kwa jina la vikundi na yawekewe alama za kuonekana na vyombo.

Fedha za kuanzia zinaweza kutafutwa nje, na ni haki yetu, kwa sababu Afrika nzima inatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Kwenye mikutano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa, Mfuko wa Hasara na Uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023. Mwaka 2024, Baku, nchi tajiri zilikubali kuongoza upatikanaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Lakini mifuko hii, hasa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, hutaka mwombaji aonyeshe kwa takwimu kwamba hasara inatokana na mabadiliko ya tabianchi na si ukulima mbaya. Andiko la mwani lisilo na rekodi ya joto la shambani litarudishwa. Vile vipima joto vya kijijini ndivyo vitakavyotoa ushahidi huo, mradi takwimu zake zihifadhiwe mahali pamoja na zipatikane kwa ofisi za mazingira za Zanzibar na za Muungano.

Mheshimiwa, tunaomba vipima joto viwe majini kabla ya Desemba, kaskazi isijetupita tena bila rekodi. Tunaomba pia kikao na maofisa wako wa mwani, tuje na michoro ya shamba la kina, orodha ya vifaa na gharama zake kwa kikundi cha watu 20.

Tunawasilisha kwa heshima.

Wakulima na mafundi wa mwani, Unguja na Pemba