Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Dodoma nayo ipate baraza

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nkuhungu, hapa Dodoma. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba kimoja, choo cha nje, luku ya umeme tunachangia wapangaji wanne. Mwenye nyumba wangu sina ugomvi naye. Ninalotaka kusema linahusu viwanja.

Nimekulia Kariakoo, Dar es Salaam, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: vitatu kulia, vitatu kushoto, korido katikati, uani jiko na choo, mbele baraza ya kukalia. Bibi alilala chumba cha kwanza kulia ili asikie nani anaingia usiku. Vyumba vilivyobaki, ukiacha kimoja chetu wajukuu, alipangisha. Kulikuwa na fundi cherehani wa Tanga, na mama mmoja mjane aliyechoma vitumbua barazani tangu alfajiri, akimlipa Bibi kodi kidogo kidogo, siku nyingine kwa vitumbua vyenyewe. Zamu ya kufagia uani iliandikwa ukutani kwa mkaa. Ugomvi wa ndoo bombani haukuisha, na choo kimoja kwa watu ishirini si kitu cha kukitamani. Lakini ada yetu ya shule ilitoka humo.

Sultani Majid alianza mji ule miaka ya 1860 kwa majumba ya mawe pale bandarini. Waliokuja kuujaza walipokelewa na nyumba kama ya Bibi: kwanza miti, udongo na makuti, baadaye saruji na bati, chumba kikiongezwa pesa ikipatikana, bila benki.

Bibi alipofariki, warithi tuliuza. Pesa nilikula, sikatai. Leo pale pana ghorofa, chini fremu za maduka, na yule mama wa vitumbua tulisikia amehamia Mbagala.

Sasa Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili, na treni ya umeme imeanza kushusha wengine tangu 2024. Wanaoshuka si makatibu wakuu peke yao. Wapo walinzi, wapishi, vijana wa bodaboda, wanafunzi. Mimi nilipofika, dalali alidai elfu kumi ya kunionyesha chumba tu, nikikipenda mwezi mmoja wa kodi ni wake. (Zamani Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, misafara ya Bagamoyo iliyopita hapa. Angalau wapagazi walipata maji.) Chumba chenyewe mwenye nyumba akataka kodi ya mwaka mzima, taslimu. Mshahara wangu unalipwa kwa mwezi.

Nikitembea kwenye viwanja vipya naona uzio, geti, uzio, geti. Kila kiwanja nyumba moja, familia moja, gari moja. Muuza mihogo hana pa kuweka beseni lake isipokuwa juani, tena akiangalia mgambo anatokea wapi. Wala kuishi wengi pamoja si jambo la kuletwa Ugogoni kutoka pwani: tembe, nyumba ya Wagogo, ilikuwa na vyumba vikizunguka ua, ukoo mzima na ng'ombe wao.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba mnapochora mitaa mipya ya ujazo mkubwa, yaani ya viwanja vidogo na watu wengi, mtenge safu za viwanja kwa nyumba ya vyumba sita, ramani yake iwe tayari pale jijini, mtu aichukue bila kumlipa mchoraji. Bomba na mfereji wa majitaka vitangulie, maana hapo ndipo Kariakoo ilipotutesa. Kibali kimruhusu mjane au mstaafu kuanza na vyumba viwili, avipangishe, aendelee. Baraza iingie kwenye ramani, na biashara ndogo juu yake isiwe kosa. Na kodi ya chumba, sheria iseme ilipwe kwa mwezi.

Ramani ya nyumba ya Bibi ninaikumbuka hadi upana wa korido. Ukinituma, nitaichora kesho.

Mpangaji wako,
Nkuhungu, Dodoma