Mwanangu, usiuvute upinde huo kabla haujakubali

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima; sisi huku hatujambo. Ningeweza kungoja upige simu Jumapili kama ilivyo desturi yako, lakini tangu mama yako aliponiambia kwamba umeahidi kumkabidhi mtu upinde kabla mwezi haujaisha, na kwamba mtu huyo atautumia kupiga mishale mbele ya watu siku hiyo hiyo, sijapata usingizi wa maana. Isitoshe, kwenye simu una namna ya kunijibu "sawa, baba" ambayo mimi na wewe tunaijua vizuri.

Kwa hiyo nakuandikia jambo moja, nawe univumilie nikilirudia: usiuvute upinde huo hadi mwisho wake kabla mikono yake yote miwili, wa juu na wa chini, haijapinda sawasawa. Usiuvute kwa kuwa mwenye kuuagiza amesimama mlangoni, wala kwa ajili ya picha, wala kwa kuwa siku zimekwisha.

Nianze na ukavu wa mti, maana huko ndiko haraka inakoanza kuharibu kazi. Kipande ulichonacho kimetokana na gogo lililoangushwa miezi minne iliyopita. Najua ulizipaka ncha zake gundi siku ile ile ili unyevu usitoke kwa kasi na kuupasua mti, na najua ulikipasua kwa kabari badala ya kukitia msumeno, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyokuonyesha, kwa sababu kabari hufuata nyuzi za mti zinakoelekea zenyewe, ilhali msumeno hufuata tu mstari tuliouchora sisi. Hata hivyo, miezi minne haitoshi kwa kipande kinene namna ile. Kichonge kwanza kikaribie umbo la upinde, kifunge juu ya ubao ulionyooka kisije kikajipinda, kiweke kivulini penye hewa, kisha ukipime kwa mizani kila baada ya siku mbili na kuandika uzito wake. Uzito ukikaa wiki nzima bila kupungua, hapo mti umelingana na hewa inayouzunguka. Usikisogeze karibu na moto, kwani upande mmoja utasinyaa kabla ya mwingine, na nyufa zitakazotokea si zote utakazoziona kwa macho. Tena mti mbichi haupigi kelele, na hilo ndilo linalowadanganya wengi: unapinda kwa upole kana kwamba unakutii, kumbe nyuzi za tumboni, upande unaomwelekea mpigaji, zinasagika kidogo kidogo, na siku utakapouvua upote, yaani kamba yake, utakuta upinde umebaki umejikunja na nguvu zake zimekwenda.

Ukavu ukishapatikana, kagua mgongo. Unajua kwamba mgongo, upande unaoelekea shabaha, ndio unaovutwa na tumbo ndilo linalobanwa, lakini kujua na kukagua ni mambo mawili tofauti. Pitisha kidole mgongoni kutoka ncha hadi ncha, taa ikiwa imewekwa ubavuni ili kila kovu litoe kivuli, uhakikishe kwamba unafuata pete moja tu ya ukuaji wa mti bila kuikata popote. Pete ikipanda kwenye fundo, panda nayo. Ikizama, zama nayo. Kuzunguka fundo acha mti zaidi, hata kama upinde utaonekana una uvimbe. Umewahi kuniambia kwamba pinde za namna hiyo hazipendezi, nami nilinyamaza siku ile kwa sababu wageni walikuwepo.

Sasa nifike kwenye kusawazisha mpindo, ambako ndiko moyo wangu uliko. Uweke upinde kwenye ubao wa kuvutia, ule unaoushika upinde wakati wa kuuvuta, uvute sentimita chache tu, uache, uvute tena, mara 30 kwa kila awamu, ili mti usikie ulichoupunguzia kabla hujaupunguzia tena. Simama mbali hatua tano na utazame. Mahali palipopinda kama bawaba usipaguse kamwe. Toa mti pale palipokakamaa, na utoe kwa kikwaruzo, si kwa tupa, ukishakaribia mwisho. Kumbuka kwamba ukipunguza upana kwa nusu, ugumu wa mkono wa upinde hupungua kwa nusu, lakini ukipunguza unene kwa nusu, ugumu unaobaki ni moja ya nane tu, na kwa hiyo unyoya mmoja wa mti unaoutoa tumboni ni jambo kubwa kuliko jicho linavyodhani. Kama umekusudia upinde wa kilo 20, mizani ya kuning'iniza ikifika kilo 20 ukiwa umevuta sentimita 40, simama hapo hapo, rudi kwenye kikwaruzo, wala usijiambie kwamba sentimita tano zaidi hazina neno. Hizo tano ndizo ninazoziogopa.

Uliniandikia safari iliyopita kwamba mafundi wa kale walitoa pinde kwa maelfu kwa ajili ya vita, na kwamba mimi nachelewesha kazi kwa kuipenda mno. Nimelifikiria hilo kwa haki. Meli ya Uingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipochunguzwa na hatimaye kuibuliwa mwaka 1982, zilipatikana ndani yake pinde ndefu nzima zaidi ya 130. Ni kweli, zilitengenezwa na watu waliofanya kazi kwa wingi na kwa kasi. Lakini zitazame vizuri: mgongoni wameacha mti mweupe wa nje, ambao hustahimili kuvutwa, na tumboni wameweka kiini, ambacho hustahimili kubanwa, na penye fundo wameacha mti uinuke. Kasi yao ilitokana na mikono iliyokwisha kufanya kazi ile maisha yote. Na upinde uliopatikana katika kinamasi cha Holmegaard huko Denmaki, ambao umeitangulia meli hiyo kwa maelfu ya miaka, mgongo wake ni sehemu ya nje kabisa ya mti, chini tu ya gome. Aliyeuchonga hakuwa na tupa wala msasa, lakini alijua asichopaswa kukigusa. Wewe una miaka mitatu katika kazi hii. Ni mingi kuliko niliyokuwa nayo mimi nilipouza upinde wangu wa kwanza, na jicho lako la kuona bawaba ni zuri kuliko langu, nami husema hivyo mbele ya watu ukiwa haupo. Lakini bado ni mitatu.

Kuhusu upinde ule uliovunjika, sitausimulia, kwa kuwa kovu lililo juu ya nyusi yako linausimulia vya kutosha. Kwa muda mrefu nimesema, na wewe umenisikia nikisema, kwamba ulivuta kupita kiasi. Vipande vyake bado ninavyo, nyuma ya kabati la rangi. Juzi nilivitoa na kuviunganisha juu ya meza. Ulivunjikia robo ya mkono wa juu, na pale pale pana alama ya kisu chenye vishikio viwili kilichozama na kukata pete kwa upana wa vidole viwili, halafu mtu akaipitishia msasa hadi ikalainika. Usiku wa kuamkia siku ile wewe ulikwenda kulala mapema. Ulivuta sentimita 60, kama ulivyoambiwa.

Basi unaelewa kwa nini nalirudia jambo lile lile. Simama upande wa ubao wa kuvutia, usisimame mbele yake, na tumia kamba iliyopita kwenye kapi ili uvute ukiwa mbali. Mtu huyo akitaka kuujaribu kabla hujamaliza, mwambie haujamalizika. Akikasirika, mrudishie malipo yake ya awali, nami nitakusaidia kuyarudisha. Mama yako tumekwisha kuzungumza naye juu ya hilo. Tena mwonye kwamba asiuvute na kuuachia bila mshale, kwa sababu nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye mti, na asiuache umevikwa upote usiku kucha kwa kuwa anaona uvivu kuuvua.

Huku nyumbani, paa la banda la kazi limeanza kuvuja upande wa magharibi, juu kabisa ya vipande vilivyokuwa vikikauka, nami nimevihamishia chumbani kwako. Vimejaa chini ya kitanda na juu ya kabati, na mama yako hajafurahi, hasa kwa ajili ya vumbi la magome. Mdogo wako ameanza kutumia kikwaruzo chako kile kidogo bila kuniuliza. Amekitia makali vibaya, lakini ameyatia mwenyewe, kwa hiyo sijamkemea. Anataka kujua kama utakidai. Ufunguo wa sanduku la upote sikuuona tangu ulipoondoka, na nashuku uko kwenye mfuko wa koti lako la kazi. Macho yangu yanachoka mapema siku hizi, nami nimeacha kuchonga usiku.

Ukiwa tayari kuanza kuvuta, nipigie simu, hata kama si Jumapili. Nitataka kusikia namba tu: uzito wa mti baada ya wiki nzima, kisha kilo ngapi kwa sentimita ngapi. Ukifika sentimita 50 na mikono yote miwili iko sawa, nipigie tena kabla hujavuta ya 51. Nitakaa karibu na simu.

Ni mimi,
Baba yako