Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi ya Kwanza na Baada Yake

Ndugu wanachama,

Miaka iliyopita taarifa hii ilianza na idadi ya wakimbizi na wahamiaji tuliowapatia kazi. Safari hii sitaanza hivyo. Kamati tendaji ilipopitia majalada ya huduma ilikuta majina yanajirudia. Mtu tumempeleka kazini, tumemhesabu, na wiki chache baadaye yuko tena kwenye benchi letu akitafuta. Kwenye vitabu vyetu alikuwa amefanikiwa mara mbili. Kwake yeye, alikuwa amepoteza kazi mara mbili.

Mmoja wao ni muuguzi aliyehudumia wodi kwao kwa miaka mingi. Alipotufikia tulimpeleka kufanya usafi wa ofisi usiku, kwa sababu nafasi ilikuwapo na kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri. Sidharau kazi ya usafi. Wengi tuliomo humu tumeanzia hapo na imelea watoto wetu. Lakini zamu za usiku zilimnyima darasa la lugha, na bila cheti cha lugha hawezi kusajiliwa kama muuguzi. Tulimsaidia kuingia mahali asipoweza kutoka. Kosa hilo ni letu, nami nalibeba.

Tangu hapo tumebadilisha mahojiano ya kwanza. Hatumwulizi tena mgeni anataka kazi gani, tukaishia hapo. Tunamwuliza alikuwa anafanya nini, kwa vifaa gani, akiongoza watu wangapi, na sasa anakosa karatasi ipi. Maswali haya yametufunza kuandika wasifu upya. Miaka ya kambini ilikuwa ikiachwa wazi, na mwajiri akiona pengo hupita. Kumbe katika miaka hiyo huyu alisimamia foleni ya maji, yule alifundisha watoto chini ya turubai, mwingine alikalimani kwenye zahanati. Hizo ni kazi. Sasa tunaziandika kama kazi, pamoja na tarehe zake.

Vyeti ndivyo vilivyotuchosha zaidi. Anayekimbia usiku habebi matokeo ya chuo, na hawezi kuiandikia serikali aliyoikimbia imtumie nakala. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliliona jambo hili: ibara ya 25 inaitaka nchi aliyomo mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angepewa na nchi yake. Mkataba wa UNESCO wa 2019 kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, ulioanza kutumika Machi 2023, unazitaka nchi zilizouridhia ziweke utaratibu wa kupima elimu ya mkimbizi hata kama vyeti havipo. Si nchi zote zimeuridhia, na hata zilizouridhia, karani wa dirishani huenda hajausikia. Ndiyo maana wajitolea wetu sasa huenda na nakala ya ibara husika mkononi. Nimewasindikiza mara kadhaa, na nimeona mazungumzo yakibadilika.

Naomba pia tuache kuchanganya watu. Mkimbizi aliyetambuliwa, mwomba hifadhi na mhamiaji aliyekuja kwa visa ya kazi hawana haki sawa. Ibara ya 17 ya mkataba ule wa 1951 inazungumzia kazi ya ujira kwa mkimbizi anayeishi nchini kihalali, na baadhi ya nchi zilijiwekea masharti kwenye ibara hiyo. Mhamiaji wa kazi mara nyingi visa yake imefungwa kwa mwajiri mmoja. Akigombana naye, hatari haiko kwenye mshahara tu, iko kwenye ukaazi wake wote. Kwa hiyo hakuna atakayetumwa kwa mwajiri kabla mshauri wa sheria hajaona karatasi zake. Wapo walionung'unika kwamba tunachelewesha. Afadhali tuchelewe kuliko kumharibia mtu kesi ya hifadhi.

Madalali wa ajira wameendelea kuwatoza wageni fedha ili wawapatie nafasi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi mtafuta kazi ada, isipokuwa pale palipotolewa ruhusa maalumu. Mkiombwa fedha, njooni ofisini kabla hamjalipa.

Kuhusu ukalimani, tumepiga marufuku kutumia watoto. Mtoto hujifunza lugha haraka, basi wazazi humfanya mdomo wao, na mwaka huu nilimshuhudia msichana mdogo akimweleza mama yake barua ya kufukuzwa nyumbani. Sitaki kuliona hilo tena kwenye ofisi yetu.

Darasa la jioni limeongezwa chumba cha kuangalia watoto, na kina mama waliokuwa wamekata tamaa wamerudi. Habari za mapato na matumizi atazieleza mweka hazina.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao tusimhesabu mtu kuwa amepata kazi mpaka tumpigie simu mwezi wa sita tangu aanze kazi na kumkuta bado yuko kazini, au yuko kwenye masomo aliyoyachagua mwenyewe. Idadi yetu itashuka, na wafadhili watauliza. Nimekwisha kuandika rasimu ya barua ya kuwaeleza. Imeambatishwa kwenye makabrasha yenu, na naomba muisome kabla hatujapiga kura.